Ngozi Begani mwa Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniletea zawadi, msala wa ngozi ya mbuzi. Kazi yake ilikuwa nzuri, manyoya meupe yenye madoa ya kahawia, ila ngozi yenyewe haikuwa imekauka barabara. Alipoukunjua chumbani harufu ikatoka: chumvi, mafuta yaliyochacha, na kitu kingine chini yake, kama kamba mbichi iliyofungiwa sandukuni. Nikamwambia ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie, kisha nikamwomba autoe nje. Akadhani sikuupenda.

Ndipo nikachukua daftari. Mimi si mwandishi. Chuoni, kwenye Kurani, sikufika mbali, na herufi hizi za kizungu nilizipata kwenye kisomo cha ngumbaru nikiwa tayari nina watoto wanne. Atakayeona makosa ya herufi na ayasahihishe. Hayo mengine nitajaribu mwenyewe, nikijua kwamba mtoto huona kitu kimoja na mzee hukumbuka kingine, na huenda nilichonacho leo si hata kimoja kati ya hivyo.

Tulikuwa tukikaa Changamwe, nyumba ya udongo na makuti chini ya reli. Babangu, Bakari, alikuwa mtu wa Jomvu Kuu kwa baba na babu, na hilo alilisema kabla ya kuulizwa. Kishamba cha mihogo alikuwa nacho, lakini kilichotuweka mjini ni bandari. Alikuwa kibarua Kilindini, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa makuli. Kila alfajiri alivuka Makupa kwa miguu kwenda kisiwani kupakia na kupakua meli. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na watu wazima walikuwa wakibishana kama meli zitazidi au zitapungua.

Mabehewa yalipita mbele ya mlango wetu kutwa. Yaliyoteremka yalibeba pamba ya Uganda, kahawa, katani, magadi, ngozi za ng'ombe. Yaliyopanda yalibeba vyuma, majora ya nguo, mafuta ya taa. Baba alilijua behewa kwa harufu kabla halijafika. "Uganda mimi sijafika," alikuwa akisema, "lakini Uganda yote imenipita begani." Mimi nikaamini kwamba huko juu wapo watu wanaomjua babangu kwa jina, wanaolima pamba wakisema hii ni ya Bakari ataibeba. Niliamini pia kwamba meli ikiingia inauliza yuko wapi.

Sitaki kuisema vibaya bandari. Ilitulisha sisi na wengi ambao hawakuwahi kuiona. Meli zikijaa gatini, mamangu alikaanga mahamri karai mbili asubuhi na mbili jioni, muuza kahawa wa relini alikosa nafasi ya kukaa, mwalimu wa chuo alipata ada yake ya Alhamisi, na watu wa Rabai walioshuka na machungwa walirudi na vikapu vitupu. Meli zikikosekana, mtaa mzima ulinyamaza kama nyumba yenye mgonjwa, na hata mbwa sijui walikuwa wakienda wapi.

Kibarua hakuwa na kazi, alikuwa na asubuhi tu. Walisimama nje ya lango, mamia yao, na serahangi, yaani msimamizi wa kundi, akapita mbele yao akitazama shingo na mabega kama mtu anunuaye punda. Aliyeguswa kwa bakora aliingia. Asiyeguswa alirudi nyumbani. Mwenye kidonda hakuguswa, mwenye kikohozi hakuguswa, aliyeonekana kula vibaya hakuguswa, na kwa hivyo asiyepata kazi wiki hii alizidi kuikosa wiki ijayo. Baba akirudi kabla ya adhuhuri, mimi na wadogo zangu wawili tulijua tusicheke.

Mwaka ule kulikuwa na kipindi, sijui kama ni majuma manne au sita, alirudi hivyo kila siku. Tulikula mihogo, kisha majani ya mihogo. Mama aliacha kukaanga kwa kukosa unga, halafu siku moja nikaona karai moja haipo, imewekwa rehani. Mdogo wangu wa mwisho aliacha kulia, na mama akaogopa ukimya ule kuliko kilio. Nakumbuka akimtikisa ili alie.

Kuli hawezi kubeba juu ya shingo tupu. Hushonewa kata, na si ile ya duara ya kutwekea mtungi, bali gunia lililokunjwa na kujazwa matambara, linaloanzia kisogoni na kufunika shingo na mabega. Ya baba ilikuwa imechakaa. Nikaona labda serahangi anaitazama hiyo. Nikaokota gunia kando ya reli, limeanguka kutoka behewani, zito na zima kabisa, limegandwa na nywele fupi za mnyama, za rangi ya udongo. Nilizichambua nyingi. Nyingine niliziacha, maana zilifanya kata iwe laini. Nilishona siku mbili kwa sindano ya mama na uzi wa katani, na baba alipoivaa akageuka huku na huku kama bwana harusi.

"Fundi nani huyu?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Basi serahangi akinigusa leo, umeguswa wewe."

Aliguswa. Meli ilikuwa imekuja kuchukua ngozi, na kundi la ngozi lilihitaji watu wengi kwa sababu wengine waliikimbia kazi ile kwa harufu yake. Aliguswa kesho yake pia, na kesho yake tena. Alirudi jioni ananuka hata mama akamwekea maji nje, lakini alirudi na unga, na siku moja na samaki. Ile karai ikarudi. Mdogo wangu akaanza kulia. Nilimwambia kila msichana wa chuoni kwamba ni kata yangu. Naandika nilivyoamini: si meli, si serahangi, ni kata yangu.

Siku gani kidude kilimtokea shingoni siwezi kusema. Baba alidhani ameumwa na siafu, chini ya sikio, pale kata inapokaa. Kiliwasha, kikawa lengelenge, kisha katikati pakawa peusi kama kokwa ya ukwaju na pembeni pamevimba kidogo. Hakikumuuma. Mama alikibonyeza kwa jani la moto na baba akaendelea kuzungumza kama anakatwa nywele. Sote tulifurahi kwamba hakiumi. Kwetu kisichouma hakikuwa ugonjwa. Na kata ilikifunika vizuri, serahangi hakukiona.

Aliyekiona ni Mutua. Alikuwa Mkamba, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa kwenye kundi moja na baba. Jioni alipita kununua mahamri. Watoto tulimwiga anavyosema, na watu wazima walituacha tumwige. Nitaandika maneno yake yalivyotoka, na si kwa kumcheka, nilimcheka vya kutosha wakati ule. Baba alikuwa amekaa barazani kifua wazi na wenzake wawili watatu, kata iko magotini.

"Bakari, hiyo kitu ya shingo imekuja lini?"

"Juzi. Siafu."

"Inauma?"

"Hata. Ndiyo nakwambia si kitu."

"Hiyo ndiyo mbaya," Mutua akasema, na akaweka mahamri yake chini. "Kwetu tunajua hii. Ng'ombe inaanguka inakufa. Mtu anachuna, anabeba ngozi, anapata hii kitu, nyeusi hivi, haiumi. Halafu inavimba. Halafu analala. Hii ni ugonjwa ya ng'ombe, Bakari." Akaitaja na kwa jina la kwao, sikulishika.

Baba akasimama akageuza kiuno kwa mama. "Mama Mishi, hebu nitazame nyuma, mkia umeota?"

Baraza likacheka. Mmoja akalia kama ndama, wakacheka tena. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama peke yake hakucheka.

"Mutua," akasema, "mume wangu ni mtu wa Jomvu. Jomvu hatukufuga hata mbuzi. Maradhi ya ng'ombe wenu ambukizaneni wenyewe huko bara."

"Mimi sitaki kutukana, mama."

"Hukutukana. Chukua mahamri yako, na njia njema."

Kwa haki, mama hakuwa mtu mbaya, na kesho yake angemgawia Mutua mchuzi kama kawaida. Lakini sisi ng'ombe tulimjua kwa nyama Iddi ikifika. Hatukuwahi kumwona akifa peke yake. Kumwambia mtu ana maradhi ya mnyama, kwetu, kulikuwa kumshusha mbele ya watu, na baba alishuka akicheka ili asionekane ameshuka. Mutua alitoka nchi ambayo mtoto wa miaka sita anajua ng'ombe gani haliwi. Kila mmoja alisema alichokuwa nacho.

Asubuhi Mutua alinikuta kisimani. Alikuwa amechelewa kwenda langoni, na kwa kibarua kuchelewa ni kuitupa siku. Baba alikuwa ameondoka zamani.

"Mishi."

"Abee."

"Mama yako amenifukuza, hiyo ni sawa. Wewe utasikia. Leo baba atarudi amevimba, hapa mpaka hapa. Mama atampeleka kwa dresa ya zahanati. Dresa atauliza maswali. Wewe utasema neno moja tu: ngozi. Sema baba anabeba ngozi ya ng'ombe. Dresa akisikia ngozi atajua, atampeleka hospitali kubwa kule kisiwani. Umesikia?"

Nikamwuliza, "Na wakijua ni ngozi, watamtoa kwenye ngozi?"

Angeweza kunidanganya. Alitazama ndoo yangu, kisha akanitazama mimi.

"Watamtoa," akasema. "Ndiyo."

"Arudi kusimama langoni?"

"Akipona, atasimama. Kwanza apone."

Akaondoka mbio kuelekea Makupa. Nilibaki na ndoo. Nilielewa kila alichosema, na hili nataka liwe wazi, kwa sababu ningeweza kuandika kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Nisichoelewa ni kwamba mtu anaweza kufa kwa kitu kisichouma. Njaa niliijua inavyoua, nilikuwa nimemwona mdogo wangu. Nikapima nilichokijua.

Baba alirudi adhuhuri, kwa miguu yake. Shingo na shavu vilikuwa kitu kimoja, jicho la upande ule limefumba. Alikuwa amefanya kazi nusu siku, kata imefunika, mpaka akaanguka juu ya mzigo na serahangi akamwondoa. Mama alimwogesha nje kama kawaida, akamfunga leso kichwani, tukampandisha zahanati ya juu, yeye katikati, mimi nimeshika chupa ya maji. Ngozi ya mkono wake ilikuwa ya moto kama bati la jua.

Dresa aliitwa Yona, mtu wa Rabai, mwembamba, mwenye tabia ya kunawa mikono kabla hata hujakaa. Watu walimheshimu. Alimtazama baba muda mrefu kuliko nilivyozoea kuona akimtazama mtu.

"Linauma?"

Baba akatikisa kichwa.

"Haliumi," mama akasema. "Ni jipu tu, dresa, limekataa kuiva."

"Kazi yake?"

"Kibarua. Bandarini."

"Anabeba nini?"

Mama akamtazama baba, na baba ulimi ulikuwa mzito. "Mizigo," mama akasema. "Chochote kinachokuja. Jana hiki, leo kile."

Sijui kama mama hakulifikiria neno la Mutua au alilikataa. Sikumwuliza maisha yake yote, na sasa hayupo. Dresa hakutosheka. Akaweka kalamu, akanigeukia mimi.

"Na wewe binti, wewe unajua baba anabeba nini siku hizi?"

Baba alikuwa ananitazama kwa lile jicho moja. Nikaiona karai. Nikawaona wote kwa pamoja, serahangi na bakora yake, mdogo wangu akitikiswa, majani ya mihogo.

"Pamba," nikasema.

Baba akafumba jicho. Nimelirudia jicho lile mara nyingi kuliko kitu chochote. Kuna siku naona kwamba alinikubalia, kwamba naye alikuwa akiilinda nafasi yake na akashukuru kwamba nimemjibia. Siku nyingine naona ni mtu aliyechoka, na homa, na mwanga wa dirishani. Sina hakika. Dresa akaandika. Niliitazama kalamu ikiandika, na wakati ule sikuwa najua kusoma, lakini nilijua imeandika nini.

Alimpa dawa ya kupaka na ya kunywa, akasema akandwe kwa maji ya moto, na asubuhi arudishwe hata kama amepata nafuu, asiachwe nyumbani. Alisema hivyo mara mbili. Asubuhi baba hakuweza kuinuliwa. Uvimbe ulikuwa umeshuka kifuani. Alikuwa akipumua kama anayevuta kamba, na kabla jua halijafika kati akaacha. Tulimzika Jomvu Kuu siku ileile baada ya alasiri. Mabehewa ya ngozi yalikuwa yakiteremka tuliporudi, na nadhani meli ile iliondoka na shehena yake yote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mtoto wangu hospitalini, nilimwuliza muuguzi mmoja mzee kuhusu maradhi yale, bila kusema ni ya nani. Aliniambia yanaitwa kimeta, na kwamba yanawashika wabeba ngozi na wabeba mifupa. Akasema dawa wakati ule zilikuwa chache, hata hospitali kubwa wengine walipona, wengine hawakupona. Nilirudi nyumbani nimeshika "wengine walipona". Kuhusu lile gunia nililookota, na nywele nilizoziacha, sikumwuliza. Huenda yalitoka kwangu, huenda yalitoka kwenye ngozi mia alizobeba kila siku. Hakuna wa kunijibu.

Mtaa ulikuwa na jibu lake. Ulisema dresa Yona amemuua Bakari. Ulisema aliambiwa ni maradhi ya ngozi, aliambiwa waziwazi, akapuuza akatoa dawa ya jipu kwa sababu mgonjwa ni kuli. Mama, aliyenisikia nikisema pamba, hakuwasahihisha. Wanawake wakaanza kuwavusha watoto wao Makupa, kutwa nzima ya jua, kuliko kumpandishia yeye. Nikipita na ndoo nilimwona amekaa mlangoni pa zahanati, mikono safi magotini. Mtu mmoja alimtemea mate njiani, na yeye akasimama akangoja yule mtu apite. Baada ya muda akahamishwa, au aliomba mwenyewe, sikupata kujua. Katika haya yote kosa lake lilikuwa moja tu: alimwamini mtoto.

Maneno yale ya mtaa nayajua yalikoanzia. Yalianzia siku ya tatu ya matanga. Mutua alikuja akakaa mbali na wanaume wengine, kofia mkononi, hakujua wapi pa kuiweka. Wakati wa kuondoka alimwomba mama ile kata. Mama, ambaye hakuwa tena na nguvu ya kumkatalia mtu, akampa. Akaenda nayo kando ya reli akaichoma, akaipindua kwa kijiti mpaka hata nyuzi zikaisha. Nilimfuata. Alinisikia nyuma yake akageuka.

"Mishi. Ulimwambia dresa?"

"Nilimwambia."

"Ulisema ngozi?"

"Nilisema ngozi."

Akatazama juu kilimani, kwenye zahanati, muda mrefu, na nikaona uso wake ukibadilika kuwa wa mtu aliyepata wa kumchukia. Ningeweza kusema wakati ule. Alikuwa amesimama tu, ana majivu viatuni, hana haraka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

"Basi wewe ulifanya yako," akasema.

Akaupangusa mkono wake kwenye suruali, akaunyoosha kwangu kama wanavyopeana watu wazima. Nikaupokea.